Kutoka Jembe la Warongo hadi Aloi Ngumu: Historia Fupi ya Makali katika Ukanda wa Geita

Kabla ya ukoloni, wahunzi Warongo wa Usinza, ukanda ambamo leo upo mji wa Katoro, waliyeyusha chuma na kufua majembe. Ujuzi wa makali ulikuwa mikononi mwao. Mwaka 1923, nchini Ujerumani, Karl Schröter aliomba hataza ya aloi ya kabidi ya tungsteni iliyoshikamanishwa kwa kobalti. Kampuni ya Krupp iliiuza kwa jina la Widia. Aloi hiyo hukereza chuma cha pua na kutoboa mwamba wenye dhahabu. Tungsteni huchimbwa Rwanda, kobalti Katanga; lakini ncha za kekee zinazotoboa miamba ya Geita hutoka ng'ambo. Malighafi imebaki jirani, ilhali ujuzi wa kuigeuza kuwa makali umehama.