Subira si kukaa kitako: Mafunzo ya Uislamu wakati wa dhiki

KATIKA mtaa wa Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi, siku ya kibarua huanza alfajiri. Wanaume huelekea kwenye maeneo ya ujenzi, nao wanawake wengi huenda mtaa jirani wa Lavington kutafuta kazi ya kufua nguo. Anayekosa kibarua hurudi mikono mitupu, ilhali kodi ya nyumba na karo vinamsubiri. Hali hiyo ikidumu, huzaa wasiwasi, hasira na kukosa usingizi.

Uislamu haumwambii mtu kama huyo kwamba hana shida. Sura ya Al-Baqara, aya ya 155, inataja hofu, njaa na upungufu wa mali kuwa miongoni mwa mitihani ya waja. Kabla yake, aya ya 153 inawaelekeza waumini watafute msaada kwa subira na sala. Sala tano humpa mja nafasi ya kutua mzigo mara kadhaa kwa siku: aliyenyimwa kazi asubuhi husujudu adhuhuri, akamweleza Mola wake yaliyomsibu.

Subira nayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kunyamaza. Wanazuoni huigawa mafungu matatu: kudumu katika utii, kujizuia na maasi, na kustahimili misiba. Kwa hiyo aliyebanwa na dhiki haruhusiwi kukimbilia pombe au kamari, wala kuidhuru nafsi yake. Lakini kulia si dhambi. Mtume Muhammad (SAW) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na mwaka wa 619, alipowapoteza mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, hukumbukwa kama Mwaka wa Huzuni.

Vilevile, Mtume alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Alihimiza pia watu watafute tiba. Basi aliyelemewa na majonzi akimwendea daktari, hajapungukiwa na imani.

Mfano wa subira yenye vitendo upo karibu, mtaani Kibera. Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la mkoloni, waliishi katika ardhi ya zaidi ya ekari 4,000 iliyotengwa mwaka wa 1918. Ardhi hiyo ilipungua miaka ikipita, na wengi walitaabika kupata vitambulisho. Hawakuacha kuswali, wala hawakuacha kudai haki. Mwaka wa 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba watoto wao walibaguliwa katika suala la uraia. Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288.

Hata hivyo, mzigo haukuwekwa juu ya mwenye dhiki pekee. Zaka, ambayo ni asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, ni haki ya maskini. Aliyeshiba naye hujaribiwa: anapomhimiza jirani mwenye njaa asubiri, ataulizwa alimsaidia kwa nini.