Mfumo wa sola wa nyumbani

Mfumo wa sola wa nyumbani ni seti ya vifaa vinavyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, kuuhifadhi kwenye betri na kuugawa kwa taa na vyombo vya nyumba moja. Vifaa vya msingi ni paneli, kidhibiti chaji (mafundi wengi hukiita kontrola), betri, waya na fyuzi. Inveta huongezwa pale penye vyombo vinavyotumia umeme wa volti 230. Makala hii inaeleza namna mfumo huo unavyosanifiwa na kufungwa, kwa mfano wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara nchini Tanzania.

Historia

Seli ya kisasa ya silikoni ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1954 katika maabara za Bell nchini Marekani. Katika Afrika ya Mashariki sola za majumbani zilianza kuenea nchini Kenya katikati ya miaka ya 1980, hasa maeneo ya Meru. Upande wa Tanzania, mafundi walianza kufundishwa Karagwe, mkoani Kagera, miaka ya 1990. Katika miaka ya 2010 Arusha, kilomita 170 hivi kutoka Babati, ikawa kituo cha kampuni zinazouza sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu.

Mazingira ya Babati

Babati iko kusini kidogo mwa ikweta, kwenye latitudo ya nyuzi 4 hivi, kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma na chini ya mlima Kwaraha. Mji una umeme wa gridi wa TANESCO. Hata hivyo, baadhi ya kata za halmashauri ya mji, kama Bonga na Sigino, zina makazi yaliyotawanyika mashambani, na nyumba iliyo mbali na nguzo za umeme hutegemea sola. Wenye umeme wa gridi nao huweka sola kwa ajili ya siku za kukatika.

Jua la Tanzania huleta kwa siku nishati ya kilowati-saa 4 hadi 7 kwa kila mita ya mraba. Anayesanifu mfumo hatakiwi kutumia wastani wa mwaka, bali mwezi mbaya kuliko yote: wakati wa masika au siku za mawingu za msimu wa baridi. Kwa kawaida hesabu ya tahadhari huchukua saa 4 za jua kamili kwa siku, hata kama kunakuwa na mwanga kwa saa 12.

Hesabu ya mahitaji

Kosa linalowapotezea watu fedha nyingi ni kununua paneli kwanza na kuuliza baadaye itawasha nini. Usanifu huanza na matumizi. Nyumba yenye taa 5 za LED za wati 5, zinazowaka kwa muda wa saa 5, hutumia wati-saa 125 kwa siku. Redio ya wati 5 kwa saa 8 ni wati-saa 40. Televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa 4 ni wati-saa 100, na kuchaji simu 3 ni kama 30. Jumla ni wati-saa 295.

Sehemu ya umeme hupotea kwenye betri, waya, joto na vumbi, kwa hiyo jumla hiyo hugawanywa kwa 0.7 na kuwa 421. Ikigawanywa tena kwa saa 4 za jua, jibu ni wati 105. Paneli ya wati 120 inatosha; ya wati 50 haitatosha, ingawa itaonekana kufanya kazi wiki za mwanzo wakati betri bado ni mpya.

Betri hupangwa iweze kuvumilia siku 2 bila jua. Wati-saa 590 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea-saa 49. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu kila mara, hivyo inahitajika ya ampea-saa 100. Betri ya lithiamu inaweza kutumika hadi asilimia 80, na ya ampea-saa 60 hivi inatosha. Betri ya gari si mbadala mzuri: imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini, na ikiisha chaji kila usiku huharibika mapema.

Pasi ya wati 1,200 ikitumika saa 1 hula mara nne ya mahitaji yote ya siku ya nyumba hiyo. Kwa sababu hiyo pasi, jiko na hita ya maji huachwa nje ya mfumo mdogo.

Ufungaji

Maelekezo mengi ya watengenezaji wa Ulaya huelekeza paneli kusini. Babati ni kinyume. Mwezi Juni jua la mchana hupita kaskazini, nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Desemba hupita kusini kwa nyuzi 19 hivi. Paneli huelekezwa kaskazini kwa mteremko mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, jambo linalosaidia katika miezi ya baridi na kuacha mvua ioshe vumbi. Kivuli cha tawi moja la mwembe juu ya sehemu ya paneli kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa.

Fremu hufungwa kwenye papi au kenchi, si kwenye bati peke yake, na huachwa nafasi ya hewa ya sentimita 10 hivi chini ya paneli. Paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja juu ya 25, na bati la mchana ni moto sana. Paa la tembe halina pa kushika skrubu, hivyo nguzo uani hufaa zaidi.

Waya mwembamba ni hasara isiyoonekana. Kwa volti 12, ampea 5 zikipita mita 10 kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, hupotea volti 1.2 hivi, karibu asilimia 10. Waya wa milimita za mraba 4 hupunguza hasara hiyo hadi chini ya asilimia 4.

Fyuzi huwekwa karibu na betri, kwa kuwa betri ikigusana nyaya inaweza kuunguza nyumba. Kontrola huunganishwa na betri kwanza, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia. Kazi ya kufunga umeme nchini hufanywa na mafundi wenye leseni ya EWURA, na ubora wa vifaa husimamiwa na TBS.

Matunzo

Paneli nzuri hudumu zaidi ya miaka 20 ikifutwa vumbi wakati wa kiangazi. Betri ya risasi yenye vifuniko huongezwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kamwe si asidi wala maji ya bomba, na huwekwa penye hewa kwa sababu hutoa gesi inayolipuka. Ikifa haivunjwi nyumbani, kwani risasi ni sumu hasa kwa watoto; hurudishwa kwa wanunuzi wa betri chakavu.