Absinthi: Kinywaji Kilichohukumiwa Peke Yake

Kila ninapofundisha namna sheria zinavyozaliwa, hupenda kutumia mfano wa kinywaji ambacho wanafunzi wangu wengi hawajawahi kukiona: absinthi. Historia yake inaonyesha jinsi dola inavyoweza kukabiliwa na tatizo la kweli, ikamkamata mshtakiwa mmoja, na kuwaacha wenzake waendelee na biashara.

Absinthi ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 18 katika bonde la Val-de-Travers, ambalo leo limo katika jimbo la Neuchâtel, Uswisi. Awali ilinywewa kama dawa ya tumbo. Kiungo chake kikuu ni pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua kwa jina. Mnamo 1797 Meja Dubied alinunua kanuni ya kuitengeneza, akaanzisha kiwanda kijijini Couvet. Mkwewe, Henri-Louis Pernod, akafungua cha kwake mwaka 1805 huko Pontarlier, upande wa Ufaransa.

Utengenezaji wake ni kazi ya subira. Pakanga kavu, anisi na shamari hulowekwa katika pombe kali, kisha mchanganyiko huo hupikwa katika mtambo wa shaba ili mvuke wake upozwe na kukusanywa. Kinachotoka hakina rangi. Anayetaka absinthi ya kijani huloweka tena majani ya hisopo na ya pakanga ndogo. Mnywaji naye hana haraka: humimina maji baridi tone kwa tone, mara nyingi juu ya kipande cha sukari kilichowekwa kwenye kijiko chenye matundu. Maji yakizidi, mafuta ya anisi hushindwa kuendelea kuyeyuka, na glasi hugeuka nyeupe kama maziwa.

Kinywaji hiki kilienea kwa nguvu za historia. Wanajeshi wa Ufaransa walioivamia Algeria kuanzia 1830 walipewa absinthi kama kinga ya homa, wakarudi nyumbani na mazoea hayo. Kisha, kuanzia miaka ya 1860, wadudu waliangamiza mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Divai ikaadimika na bei yake ikapanda. Absinthi, iliyoweza kutengenezwa kwa pombe ya bei nafuu, ikawa kinywaji cha wafanyakazi. Mizabibu ilipopona, wakulima wa divai walikuta wateja wao wamehama. Mnamo 1907 walisimama jijini Paris bega kwa bega na wapinga ulevi, wakidai absinthi ipigwe marufuku. Divai, kwa hoja yao, ilikuwa kinywaji safi.

Hapo Uswisi ilikuwa imekwisha kutikiswa na msiba. Agosti 1905, katika kijiji cha Commugny, kibarua Jean Lanfray alimuua mkewe mjamzito na binti zao wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa glasi mbili za absinthi. Alikuwa pia amekunywa divai nyingi mno, pamoja na konyaki. Magazeti yaliziona zile glasi mbili. Wananchi zaidi ya 160,000 walitia saini kudai marufuku. Julai 1908 wapiga kura waliiridhia kwa wingi, ikaingizwa katika katiba, na kuanza kutumika Oktoba 1910. Ufaransa ilifuata Machi 1915.

Sidai kwamba madhara yalikuwa ya kubuni. Ulevi ulivunja familia, na hasira ya wananchi ilikuwa halali. Hata hivyo, uchunguzi wa chupa zilizosalia tangu kabla ya marufuku umeonyesha kwamba kiasi cha thujoni, kemikali ya pakanga iliyodaiwa kuwatia watu wazimu, kilikuwa kidogo. Kilichowaangamiza walevi ni pombe yenyewe, na pombe hiyo ilibaki mezani ndani ya chupa nyingine.

Val-de-Travers haikutii. Kwa miaka 95 wenyeji walipika kwa siri. Mwaka 1983 Rais François Mitterrand wa Ufaransa alipotembelea Neuchâtel, aliandaliwa kitindamlo chenye absinthi, na mpishi akajikuta mahakamani. Marufuku iliondolewa Machi 2005. Leo jengo la Môtiers ambamo wapikaji wa siri walikuwa wakihukumiwa ni makumbusho ya absinthi.

Historia hii inatugusa moja kwa moja. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 kuhusu biashara ya vileo Afrika, ambao Uingereza na Ubelgiji zilikuwa miongoni mwa waliousaini, uliitaja absinthi kwa jina kati ya vinywaji vilivyozuiwa. Mkataba huohuo ulikataza utengenezaji wa vinywaji vikali vya kila aina katika sehemu kubwa ya bara hili, huku ukiruhusu wasio wenyeji waagiziwe vyao kwa kiasi maalumu. Mpika gongo wetu aliwekwa kwenye orodha ya wahalifu na meza ambayo hakualikwa. Baada ya uhuru tuliendeleza mantiki hiyo; Kenya ilihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010 tu.

Gongo yenye sumu huua, na serikali ina wajibu wa kulinda uhai. Lakini mtumishi wa umma anayeandaa sheria ya vileo ana wajibu wa kuuliza maswali matatu kabla ya kushika kalamu: ni nini hasa kinachoua, nani atanufaika mshindani wake akipigwa marufuku, na ni kinywaji kipi ambacho hakuna mtu anayekitaja?