Kafe Isiyo na Kahawa: Neno na Duka katika Dar es Salaam

Neno mkahawa latokana na kahawa, nalo kahawa asili yake ni Kiarabu. Kafe nalo ni la shina lilo hilo, ila lilizunguka kwanza Uturuki na Ulaya kabla ya kutufikia. Ndugu hawa wawili walikutana Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, yalipofunguliwa maduka ya intaneti. Wenye mji waliyaita intaneti kafe, si mikahawa, na kwa maoni yangu hawakukosea: mkahawani watu huketi wakazungumza, humo kila mtu aliikabili kompyuta yake, akalipia muda wake, na mara nyingi kahawa haikuwamo.

Palikuwa na vyumba vya kompyuta tupu, pembe za hoteli kwa ajili ya wageni, na steshenari zilizokuwa zikitoa nakala, zikaongeza intaneti. Mawasiliano yalitegemea sana setilaiti, ghali na ya kusuasua, hata mkongo wa SEACOM ulipofika mwaka 2009. Kisha simu zikawachukua wateja. Kanuni za mwaka 2018, zilizoagiza kamera katika kafe hizo, zilikuta wengi wamekwisha kuhama.

Iliyodumu ni steshenari, aendako mwanafunzi kujaza maombi ya mkopo na kuskani vyeti. Mtunga kamusi asingoje: kafe larudi kwa wauza kahawa.