Mark Twain, Leopold II na picha za Kongo

Mwaka 1905, mwandishi Mmarekani Mark Twain alitoa kitabu kidogo juu ya Kongo. Ndani yake anayesema ni mmoja: Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki nchi hii kama mali yake binafsi tangu 1885.

Twain anamwacha ajifunue mwenyewe. Mfalme analalamika kwamba anaonewa, anataja dini, anabusu msalaba, kisha anawakasirikia wamisionari. Raia walikatwa mikono kwa ajili ya mpira, lakini kinachomuuma ni habari kutoka nje. Anachoogopa zaidi ni kamera, kwa sababu haipokei rushwa. Picha za mmisionari Alice Seeley Harris zilionyeshwa Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji Kongo.

Ila katika kitabu hicho Mkongomani hasemi mwenyewe. Mateso yake yanafika kupitia ripoti za wageni, zinazosomwa na mfalme yuleyule.

Kibumba inajua jambo hilo. Mwaka 1994 kamera za dunia zilikuja hapa kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Mwaka 2022 vita viliwafukuza wakaaji wa Kibumba wenyewe hadi Kanyaruchinya, nao wakapigwa picha. Picha ilisaidia kumshinda mfalme. Lakini jina la mtu, kijiji chake na shamba aliloacha havionekani kwenye picha. Hayo lazima ayaseme mwenyewe, na watoto wake wayasikie.