Eneokazi la Mbali na Tatizo la Umbali: Kutoka Cambridge hadi Kanyosha

Historia ya eneokazi la mbali, yaani uwezo wa kuendesha kwa picha na kipanya kompyuta iliyo mahali pengine, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya programu. Ikitazamwa kutoka Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, ni historia ya mambo mawili: umbali na kudumu kwa kazi.

Mfumo wa X, ulioanzishwa MIT nchini Marekani mwaka 1984, uliwezesha programu kutenda kazi katika kompyuta moja na dirisha lake kuonekana katika nyingine. Hata hivyo, mawasiliano yalipokatika, kwa kawaida programu ilifungwa. Mwaka 1998, maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, ilitoa VNC. Katika mfumo huu eneokazi zima hubaki kwenye seva. Mtumiaji hupokea tu sehemu za skrini zilizobadilika. Watafiti wa Cambridge waliweza hivyo kuhama meza bila kuacha kazi zao. Bujumbura, ambako umeme hukatika, sifa hiyo ina uzito mwingine: kompyuta ya Kanyosha ikizimika, kazi iliyomo kwenye seva huendelea.

Gharama ya faida hiyo ni umbali. Kwa satelaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, mbofyo mmoja husubiri jibu kwa nusu sekunde hivi au zaidi. Mabadiliko yalianza mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, ikifuatwa na EASSy mwaka 2010. Burundi, isiyo na bahari, ilihitaji kupitia nchi jirani na kujenga mkongo wake wa ndani, kazi iliyokabidhiwa Burundi Backbone System.

Seva za kukodi zilizoenea baada ya Amazon kuanzisha EC2 mwaka 2006 aghalabu hutolewa bila eneokazi. Mtumiaji husakinisha eneokazi jepesi, mathalani Xfce, kisha seva ya VNC, ambayo kwa desturi hupokea mawasiliano kwenye mlango namba 5901. Kwa kuwa itifaki ya awali haikusimba data, na nywila yake iliishia herufi nane, mlango huo haufai kuachwa wazi. Mawasiliano hupitishwa ndani ya SSH, itifaki iliyobuniwa Finland mwaka 1995.

Kwa washauri wa sera, historia hii inaonyesha kwamba neno "wingu" huficha mahali. Microsoft ilifungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon mwaka 2020. Lakini ukaribu kwenye ramani si ukaribu wa nyaya. Kabla ya taasisi ya umma kukodi seva, ipime muda wa majibu kutoka dawati la mtumiaji mwenyewe, na iulize data zitalindwaje njiani.