Saka ya Wataita na Suala la Mwenye Kauli

Uhakiki wa michezo ya kuigiza kwa maandishi katika kompyuta huanzia, kwa kawaida, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ambako Roy Trubshaw aliunda MUD mwaka 1978 na Richard Bartle akaiendeleza. Mchezaji hakuwa na sura wala sauti. Alikuwa na maneno tu. Katika michezo iliyofuata aliandika kitendo cha mhusika wake, nacho kikawatokea wenzake katika nafsi ya tatu, kana kwamba kimesimuliwa na mtu mwingine. Hivyo akawa mhusika na msimulizi kwa pamoja. Hali hii imesifiwa kuwa mpya. Historia ya Taita inatulazimu kusita kidogo.

Mwaka 1957 Grace Harris alichapisha makala kuhusu saka, hali iliyowapata hasa wanawake walioolewa katika vilima vya Taita. Mwanamke alitetemeka, akapotewa na fahamu, akadai vitu ambavyo mumewe alilazimika kumtafutia. Miongoni mwa mambo yaliyoweza kuiamsha ni mlio wa gari moshi. Na tukumbuke kwamba Voi, chini ya vilima hivyo, ni mji wa reli, na kwamba tawi la kwenda Taveta lilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Katika ngoma ya saka wanawake walijipamba kwa mavazi ya kiume na kushika fimbo. Haya yalitendeka katika jamii ambayo, kwa maelezo ya Harris, iliwaona wanawake kuwa hawana akili ya kuamua juu ya ardhi na ng'ombe, huku fedha za ajira zikiwa mikononi mwa wanaume.

I. M. Lewis, katika kitabu chake cha 1971, aliziona pepo za namna hii kuwa silaha ya wanyonge. Hoja hiyo ina uzito, lakini inamfanya mwanamke kuwa mtunzi mjanja wa maneno yake, na hapo ndipo tunapotofautiana naye. Kama madai yangalikuwa yake, yangalikuwa ombi la mke tu, na mume angaliweza kulikataa. Yalisikilizwa kwa sababu hayakuhesabiwa kuwa yake.

Katika LambdaMOO, mwaka 1993, mambo yalikuwa kinyume. Mchezaji mmoja alitumia programu iliyowapachika wahusika wa wenzake vitendo vya aibu ambavyo wenyewe hawakuviandika. Wachezaji walichachamaa, kwani kila mhusika alikuwa na mwenyewe, na haki ya kumwandikia ilikuwa ya huyo peke yake.

Basi kuiita saka "uigizaji", kama wafanyavyo baadhi ya wanafunzi wetu wa drama, ni kumrudishia mwanamke kauli ambayo nguvu yake ilitokana na kutokuwa yake. Harris aliliweka neno histeria ndani ya alama za mtajo katika anwani ya makala yake. Neno "mhusika" linastahili alama hizo hizo.